Naombeni ushauri: nakusanya rekodi za laivu za nyimbo ninazozipenda, nizipangeje?

Sikio Refu:
Wakuu, habari zenu. Napenda sana kusikiliza wimbo uleule ukipigwa majukwaa tofauti. Chukueni "No Woman, No Cry" ya Bob Marley. Ile ya studio ya 1974 inakwenda haraka na ni fupi. Ya ukumbi wa Lyceum, London, Julai 1975 inaanza na kinanda taratibu, halafu ukumbi mzima unaimba hata kabla yake. Ni kama nyimbo mbili! Basi nimekuwa nazikusanya YouTube, lakini kila nikirudi nakuta baadhi ya video zimeondolewa na sikumbuki zilikuwa zipi. Halafu onyesho moja linapakiwa na watu watatu, kila mmoja na tarehe yake. Nifanyeje?

Mzee wa Kanda:
Mkuu, anza na jedwali, pleilisti ije baadaye. Andika wimbo, tarehe, ukumbi, mji, urefu wa rekodi na aliyepakia. Tarehe ianze na mwaka, mfano 1977-06-04 Rainbow London, hapo kompyuta itazipanga yenyewe kwa mfuatano. Video ikifutwa, unajua cha kutafuta.

Fundi Spika:
Kuhusu tarehe, usiamini kichwa cha video. Ingia tovuti ya setlist.fm uone siku hiyo zilipigwa nyimbo gani na kwa mpangilio upi, ingawa nayo hujazwa na mashabiki, kwa hiyo linganisha na kwingine. Kisha tumia masikio. Rekodi mbili zikiwa na shangwe palepale, mtu anapiga mluzi palepale, na solo ya gitaa ni ileile noti kwa noti, hilo ni onyesho moja. Usidanganyike moja ikiwa na noti za juu kidogo kuliko nyingine. Kanda ikinakiliwa kwa kasi isiyo sahihi, wimbo wote unapanda au kushuka.

Mama Gitaa:
Naongezea: tembelea Live Music Archive, sehemu ya rekodi za laivu ya Internet Archive (maktaba ya mtandaoni), ipo tangu 2002. Inaweka maonyesho ya bendi zilizoruhusu tu, kwa hiyo unasikiliza bila wasiwasi, na nyingi unaweza kuzipakua. Grateful Dead, bendi ya rock ya Marekani, ndio mfano mkubwa, maana waliwaacha mashabiki warekodi, na 1984 wakawatengea kabisa sehemu yao ukumbini. Maelezo ya kila rekodi huko mara nyingi huonyesha kama sauti imetoka kwenye mitambo ya jukwaa au kwa maikrofoni ya shabiki. Mimi hupenda ya shabiki ikiwa nzuri, unausikia ukumbi. Ukipata FLAC (aina ya faili la sauti lisilopunguza ubora) ihifadhi hivyohivyo. MP3 hupunguza sauti ili faili liwe dogo; ukiigeuza kuwa FLAC faili linanenepa tu, kilichopotea hakirudi.

Kijana wa Besi:
Mimi napingana kidogo na habari ya kukusanya kila kitu. Utabaki na mafaili usiyoyasikiliza. Weka zile ambazo kitu kimebadilika: kasi, ubeti ulioongezwa, mpiga ngoma mpya.

Sikio Refu:
Asanteni sana, nimewaelewa. @Kijana wa Besi, nikitupa sasa, si nitajuta baadaye?

Kijana wa Besi:
Usiitupe kwenye jedwali, ndugu. Mstari wake ubaki, ongeza safu ya "kilichobadilika". Ukisikiliza mara mbili na safu bado tupu, futa faili.

Mzee wa Kanda:
Na zile ulizobakiza, nakili kwenye diski ya pili leo hii.