"Kazi ya Mungu haina makosa": tuendelee kuisema misibani Kigoma, au tuiache?

Mleta mada, Mwanga
Wakuu, Bwana Yesu asifiwe, na ndugu zangu Waislamu asalaam aleikum. Naileta hoja hii nikijua itatugawa.

Majuzi nilikuwa msibani Kibirizi. Kijana alitoka na wenzake kuvua dagaa, upepo ukageuka usiku, mtumbwi ukapinduka. Wenzake waliogelea, yeye aliletwa asubuhi amefunikwa turubai. Mkewe ni mjamzito. Amekaa kwenye mkeka, kanga imemfunika hadi machoni, na mhubiri ameshika kipaza sauti: "Kazi ya Mungu haina makosa. Mungu amempenda zaidi yetu." Akamaliza, akapanda bodaboda, akaenda zake.

Naamini Mungu anatupenda, hilo siligusi. Ninachokataa ni sisi tusiofiwa kumsemea aliyefiwa. Kila msiba tunasoma Ayubu 1:21, "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa, jina la BWANA na libarikiwe." Nani alisema? Ayubu mwenyewe, amerarua joho lake, amenyoa kichwa, watoto wake kumi wamekufa siku moja. Rafiki zake hawakumwambia hayo. Wao walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno, kama wazee wetu wanavyokaa matangani. Walipofungua midomo kumweleza sababu ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, siyo Ayubu aliyelalamika sura baada ya sura.

Aliyefiwa akisema "Bwana ametwaa", tuitikie amina. Asiposema, tusimwekee mdomoni.

Gungu
Kwa heshima, ndugu, napinga. Ukiliondoa hilo unamwachia nini mjane? Upepo? Bahati mbaya? Warumi 8:28 inasema katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao. Yote, hata usiku ule. Kama Mungu hakuwepo ziwani, kwa nini nimwamini atakuwepo mama huyu atakapojifungua? Mimi heri Mungu nisiyemwelewa kuliko ziwa lisilo na mwenyewe.

Mtu wa mwaloni, Katonga
Mimi sijasoma chuo cha biblia. Najua maji. Upepo wa kusini ukishakaza, kuanzia mwezi wa tano, kila mvuvi anajua hali ya ziwa. Sasa angalia boti za abiria zinazokwenda vijijini kaskazini. Inapakiwa watu, magunia, mbuzi, magodoro, mpaka ukiweka mkono nje unagusa maji. Maboya ya kuvaa yapo, yamefungwa kwa kamba nyuma ya injini yasichafuke. Ikizama tunaambiwa kazi ya Mungu. Kwa taarifa yenu, anayeipenda sana hiyo sentensi ni mwenye boti.

Katekista, Kasulu
Huyu wa mwaloni kagusa penyewe. Ziwa lilipopanda likameza nyumba za ufukweni, nilimsikia mtu kwa masikio yangu akihubiri kwamba ni dhambi za watu wa mwaloni. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu unaotoa maji, Lukuga, upande wa Kongo. Mvua kubwa zikifululiza, maji yatajaa tu, mwaloni wawe walevi au watakatifu. Na Yesu alishalijibu hili kwenye Luka 13: wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, je, walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu? Akasema sivyo.

Gungu
Malizia mstari, mtumishi. "Lakini msipotubu..."

Katekista, Kasulu
Namalizia. Alikuwa anawaambia waliosimama pale wazima wakiuliza. Hakwenda kuwaambia wafiwa.

Jirani, Ujiji
Mimi Muislamu, lakini msiba huku hauulizi dini, tunabebeana majeneza. Sisi tuna "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun", na Qur'ani 2:156 imewataja wanaoisema pale msiba unapowafika. Kwa hiyo mleta mada ana hoja. Ila sisi tukisikia tu habari ya kifo cha mtu wa mbali tunaisema, kwa sababu msiba wake ni wetu. Nikuulize: Kigoma hii, nani "asiyefiwa"?

Mleta mada
Swali zuri, linanisumbua. Nianze na Gungu. Warumi 8 hiyo hiyo, shuka mpaka 35. Paulo anataja dhiki, njaa, uchi, hatari, upanga. Hasemi hivyo ndivyo Mungu anavyotuonyesha upendo. Anasema haviwezi kututenga nao. Mkristo haujui upendo wa Mungu kwa kukagua kilichotokea ziwani usiku, anaujua msalabani, na pale aliyetundikwa alilia "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Kama Mwana wa Mungu aliruhusiwa kuuliza, mjane wa Kibirizi tunamnyamazisha kwa nini?

Mama, Mwandiga
Wanangu, nyote mmesema, naona hakuna aliyezika mtoto. Mimi nimezika. Homa ya siku mbili. Kabla hatujarudi makaburini watu walishaanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu, na macho yote kwa mama mkwe wangu, kikongwe mwenye macho mekundu ya moshi. Mchungaji akasimama akasema, "Hii ni kazi ya Mungu, msitafute mtu." Akarudia mara ya pili, kwa ukali. Yule bibi alilala nyumbani kwake usiku ule. Mnataka kuifuta sentensi hiyo mnajua inawalinda akina nani?

Na mimi iliniliwaza. Sikuambiwa nisilie. Niliambiwa mwanangu yuko kwa mwenyewe.

Mleta mada
Mama, shikamoo, na pole sana. Hili ndilo zito kuliko yote humu. Lakini mchungaji wako aliwasemesha waombolezaji wenye midomo, wakome. Wa Kibirizi alimsemesha mjane, eti Mungu kampenda mume wake kuliko yeye anavyompenda. Kwangu hayo ni mambo mawili.

Mtu wa mwaloni, Katonga
Mkishasema "msitafute mtu", mwenye boti naye hatafutwi.

Mama, Mwandiga
Huyo mkamtafute na polisi, msiende kwa mganga.

Gungu
Mama kamaliza upande wangu. Bado nasema mhubiri asinyang'anywe neno hilo.

Mleta mada
Hanyang'anywi. Wazee wa kanisa letu wanakaa Jumamosi. Nitaomba mhubiri akae na mfiwa kwanza, amuulize anataka kusomewa nini, kisha ndipo ashike kipaza sauti. Na Zaburi ya 88 iingie kwenye orodha ya masomo ya misiba, ile inayoanza kwa kilio na kuishia gizani bila haleluya. Gungu, najua mnasali na shemeji yangu, njoo upinge.

Gungu
Nakuja. Zaburi ya 88 kwa mjane mjamzito? Nakuja mapema.