Mifi ya bei nafuu ya kuperuzi kazini: nitazame nini?

Karani_Mtulivu
Wakuu, habari za kazi. Wi-Fi ya ofisini kwetu imefungiwa mifumo ya kazi tu. Ukitaka kusoma habari au kufungua barua pepe yako binafsi, tumia bando lako. Bosi hana neno, mradi kazi iende. Nimekuwa nikiwasha hotspoti ya simu, ila saa nane mchana simu imeshakata chaji na ina joto kama pasi. Sasa natafuta kimifi cha mfukoni, kile kifaa kidogo kinachowekwa laini na kugawa Wi-Fi, kisichoniumiza. Kazi yake ni kuperuzi, barua pepe, WhatsApp ya kwenye kompyuta na video za kuibia. Naona vingine vimeandikwa kasi ya 150 Mbps, vingine 300, vingine 5G, na bei zinapishana mno. Tofauti hiyo nitaiona kweli?

Mzee_wa_Antena
Hutaiona, mkuu. 150 ni kiwango cha 4G kiitwacho Cat 4, na 300 ni Cat 6, inayounganisha masafa mawili kwa pamoja. Zote ni namba za maabara; mnara unawagawia wote walio karibu nawe. Video safi inatosheka na 5 Mbps hivi, na ukurasa wa habari ndio kabisa. 5G kwa kusoma habari? Hela hiyo ile tu.

Kinachowaliza watu ni bendi. Kila mtandao unarusha 4G kwenye masafa yake: Bendi 3 ni 1800 MHz, Bendi 7 ni 2600, Bendi 20 ni 800, Bendi 28 ni 700. Yale ya chini yanapenya kuta vizuri. 2600 inabeba mengi ila ikikutana na zege inalegea. Sasa unakuta mifi ya bei ya kutupwa iliyotengenezwa kwa soko la nchi nyingine. Inawaka vizuri, inasoma laini, halafu ama inang'ang'ania 3G ama haishiki kitu. Muuzaji atakuapia kuwa ni nzima, na wala hasemi uongo.

Kwa hiyo kabla hujanunua, weka kwenye simu programu ya kupima mawimbi, ukae kwenye kiti chako cha kazini (siyo nje getini!) uone umeshika bendi namba ngapi. Kisha tafuta sifa za modeli husika hadi herufi za mwisho, maana herufi hizo ndizo zinazobadilisha bendi na hata betri. E5577 ya Huawei, kwa mfano, ipo yenye betri ya 1500 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa) na ipo yenye 3000, na kwa sura unaweza kudhani ni kitu kimoja.

Betri usishuke chini ya 2000. Na iwe ya kutoka. Jirani yangu wa meza aliniletea yake akilalamika kuwa kifuniko hakifungi. Kuitoa betri, imetuna katikati, stika imekunjamana, ukiiweka mezani inazunguka. Alikuwa anaiacha kwenye chaja mchana kutwa, tena juu ya kompyuta mpakato pale panapotoka hewa ya moto. Ya hivyo huichaji tena wala huitoboi, unanunua nyingine. Mifi isiyofunguka ingekuwa imekufa nzima nzima.

Dada_wa_Bando
Naongezea la matumizi, maana kifaa rahisi kinaweza kukumalizia mshahara kwenye bando. Simu yako ikiona mifi inajua ni Wi-Fi tu, basi inaanza kupandisha picha zote za wikendi na kusasisha programu. Weka nakala za picha ziwe za kuwasha mwenyewe. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya Wi-Fi hiyo uiwekee alama kuwa ni ya data inayopimwa. Masasisho mengi yatasubiri. Na siku ya kwanza badilisha neno la siri lililobandikwa mgongoni, la sivyo chumba kizima kitakuwa kwenye bando lako.

Kijana_wa_Stoo
Mnampeleka mbali. Simu ya zamani yenye 4G, laini ndani, hotspoti imewashwa, kwisha. Bure kabisa.

Mzee_wa_Antena
Kama anayo na betri yake bado ina nguvu, sawa, sipingi. Mara nyingi simu ina bendi nyingi kuliko mifi. Ila ya zamani ikikaa kwenye chaja kutwa, yale ya jirani yangu yatamkuta.

Karani_Mtulivu
Shikamoo mzee, na asante dada. Simu ya zamani sina. Nimepima: mezani nashika Bendi 20, nikisogea dirishani inakuwa 3. Kuna mifi iliyotumika yenye bendi zote mbili na betri ya 3000, ila imefungwa kwa mtandao mmoja. Niiache?

Mzee_wa_Antena
Marahaba. Ni mtandao huohuo unaoshika hapo mezani? Basi kufungwa kusikutishe, ndiyo sababu ya urahisi wake. Mwombe muuzaji uweke laini yako na uitumie kidogo mbele yake, kisha fungua kifuniko uione betri. Ukishainunua, ingia kwenye ukurasa wake, kwa Huawei nyingi ni 192.168.8.1, utazame RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayokufikia. Ikiwa -80 au -90 uko vizuri. Ikikaribia -110, itoe kwenye droo uipeleke dirishani. Na kompyuta ya ofisi usiiunganishe kabla hujawauliza watu wa TEHAMA, kuna ofisi hilo ni barua ya onyo.

Dada_wa_Bando
Dirishani ndiyo, ila weka kivulini. Jua nalo linatunisha betri.