Oili gurudumu la nyuma: nimeweka beringi mpya na bado linalowa

Mshuka_Amani
Wakuu habari za usiku. Nina pikipiki ya Kichina cc 150, injini ile ya mtindo wa Honda CG tunayoijua wote, mwaka wa 3 huu ninayo. Kazi yake ni kati ya Muheza na Amani, kule milimani Tanga: kupandisha abiria, kushusha iliki. Wiki ya pili sasa gurudumu la nyuma upande wa cheni linalowa oili. Asubuhi nafuta rimu inang'aa, jioni spoku nyeusi, ubavu wa tairi una michirizi, na nilipoegesha pana tone kama sarafu ya shilingi 100.

Fundi wa kijiweni kasema beringi zimekufa, grisi inayeyuka. Nikalipa, akaweka beringi mpya mbili, na grisi akaishindilia habu nzima (kile kitovu cha gurudumu). Siku ya tatu oili ileile. Zaidi ya hapo breki ya nyuma imekuwa laini. Juzi nashuka na mama mmoja na kuku wake wawili, nakanyaga breki, pikipiki ikaendelea kwanza ndipo ikashika. Mama anaongea tu habari za bei ya iliki, mimi jasho mpaka kwenye soksi.

Fundi sasa anataka ninunue habu nzima. Shokapu nimeziangalia, kavu. Nianzie wapi?

Nduthi_Nakuru
Pole sana boss. Hizo shokapu usiziangalie tu ikiwa imesimama. Mketishe mtu mzito nyuma, aisukume chini na juu mara kumi hivi, kisha upitishe kidole chini ya springi. Yangu ilikuwa inakaa kavu kabisa mpaka nibebe mzigo. Oili ya shokapu ni nyepesi, inateremka na mwili wa shokapu hadi kwa nati ya chini. Ukipata hapo kuna vumbi limeshikana kama matope, ni hiyo.

Fundi_Msamvu
Kijana, breki kwanza. Usipande Amani kesho na breki hiyo. Hilo ni tatizo la pili, na umetengenezewa na grisi ya kushindilia. Beringi inataka grisi yake kidogo. Ukijaza habu, joto la kushuka mlima linailainisha, inapenya pembeni ya beringi na kuingia kwenye breki. Fungua gurudumu. Ukikuta shuu za breki zimelowa, tupa. Usipige msasa, usichome moto, usioshe na petroli ukazirudisha, zimeshakunywa. Sehemu ya chuma ndiyo unaosha na kukausha.

Tuje kwenye oili. Grisi ya habu ingeanzia kwenye ekseli, ikatawanyika na spoku kwenda nje. Wewe unasema michirizi ubavuni mwa tairi na tone chini. Oili ya namna hiyo mara nyingi ni mgeni hapo nyuma: inavuja mbele, chini ya kava la sproketi ndogo (ile gia ya mbele inayovuta cheni), cheni inaipakia na kuirushia gurudumu. Mafundi wengi wanatibu pale palipolowa.

Nijibu matatu. Oili ya injini inapungua? Unaipima pikipiki ikiwa imesimama vipi? Na cheni unapaka nini?

Kijiwe_Boy
Mnamtia mwenzenu gharama bure. Mimi napaka cheni oili chafu kila Jumapili na gurudumu langu ni jeusi tangu lizaliwe. Hiyo ni kawaida.

Fundi_Msamvu
@Kijiwe_Boy huwezi kujua kama yako inavuja au haivuji, na hilo ndilo tatizo la oili chafu. Ina vumbi la chuma ndani yake, inakula cheni, halafu inaficha uvujaji.

Mshuka_Amani
Mzee shikamoo. Inapungua, ndiyo, kila wiki naongeza kidogo. Napima ikiwa kwenye stendi ndogo, pale pale kijiweni. Cheni nami napaka oili chafu, sitadanganya.

Fundi_Msamvu
Marahaba. Stendi ndogo inailaza pikipiki kushoto, na kijiti chako cha kupimia oili kiko kulia. Oili inakimbilia upande wa pili, wewe unasoma pungufu, unaongeza. Ikizidi, injini inaitema kwenye hosi ya kupumulia, nayo inaishia hukohuko nyuma. Pima kwenye stendi kubwa, mahali tambarare, na kijiti ukiingize tu bila kukifunga.

Kisha toa pedeli ya gia, fungua kava la kushoto, osha kote na mafuta ya taa, kausha, cheni usipake kitu. Pakaza poda ya mtoto kuzunguka shafti mbili: ya sproketi na ya gia iliyo chini yake. Tembeza kilomita chache taratibu, uangalie poda imelowa kuanzia wapi. Injini ikiwa inazunguka usipeleke tambara kwenye cheni. Nawajua watu waliobaki na vidole vinane.

Mshuka_Amani
Nimerudi. Chini ya kava nimekuta tope la oili na mchanga mwekundu, zito kama chapati mbili. Poda nimeiba ya mwanangu, mama yake hajaniongelesha tangu jana. Kilomita 4 tu, mstari mweusi umetoka nyuma ya sproketi ndogo. Shafti ya gia poda yake nyeupe vilevile. Breki: shuu zimelowa grisi, kama ulivyosema.

Fundi_Msamvu
Basi ni sili ya shafti ya sproketi, ile ringi ya mpira inayozuia oili isitoke. Huna haja ya kupasua injini. Fungua boliti mbili za namba 10, zungusha kile kibati kinachoishikilia sproketi, nayo inatoka. Sili ya zamani ing'oe na bisibisi bila kukwaruza shafti. Mpya ipake oili mdomoni, iingize sawasawa kwa kipande cha bomba. Kwanza pitisha ukucha kwenye shafti: ukikwama kwenye mfereji, sili mpya haitadumu. Na cheni je, umeikaza sana?

Mshuka_Amani
Kama kamba ya kuanikia nguo. Nilidhani ndiyo uimara.

Fundi_Msamvu
Ndiyo iliyokula sili. Acha icheze kama sentimita 2 hadi 3 katikati, na uhakikishe bado inacheza mtu akiwa amekaa, maana ukibeba mzigo inajikaza yenyewe.

Mshuka_Amani
Siku ya nne leo. Ukucha haukukwama. Sili mpya, shuu mpya, oili niliyozidisha nimeipunguza, habu nimekwangua grisi ikajaa kopo la maziwa. Kila usiku natandika boksi chini: kavu. Rimu ina vumbi jekundu tu. Yule mama wa kuku nimembeba tena asubuhi, kaniuliza mbona leo nashuka polepole.