Wakaazi wa Court: barua ya wizi wa mifuniko ya mashimo (manhole)

Mama Kevo: Majirani barua ya kwenda kwa ajenti wa nyumba ndio hii msiseme hamkuonyeshwa. "Theft of manhole covers is prevalent in our court." Nani anasaini wa kwanza

Mama Kevo: Naona mmesoma nyote

Njoro C4: Prevalent ndio nini tena si uandike tu wanaiba

Mwalimu Ouma: Weka rampant. Prevalent ni kitu kimeenea tu, malaria is prevalent around Lake Victoria, huku kwetu karibu mita 1,800 juu mbu ni wa kelele tu. Rampant ni uovu umeachiliwa na hakuna wa kuushika

Njoro C4: Kwa hivyo debts are prevalent kwa duka la Fatuma

Fatuma D7: Zako ni rampant 😂

Njoro C4: Na umbea?

Mwalimu Ouma: Huo widespread, hauui mtu

Mama Kevo: Mtoto wa D2 nusura atumbukie jana na nyinyi mnacheka

Baba Tasha: Hiyo mifuniko inaishia kwa skrapu. Mnakumbuka Januari 2022 Rais Uhuru alipiga marufuku hiyo biashara hapa tukatulia, Mei ikafunguliwa tukarudi kuruka mashimo

Mama Kevo: Ndio nasema kila nyumba itoe mia mbili tuweke mifuniko ya zege tusingoje ajenti, zege hakuna mtu wa skrapu ataitaka. Till ya M-Pesa ni ile ile

Fatuma D7: Ile ile ya geti?

Mama Kevo: Fatuma usianze

Fatuma D7: Naanza. Tulichangia rangi na taa mbili, mimi naona taa moja na kutu

Njoro C4: Kutu is prevalent

Mzee Mutiso: Mama Kevo mwanangu, mimi nilikuwa hapa kabla ya hilo geti. Siweki sahihi mahali popote mpaka daftari la geti lisomwe mbele ya watu. Shimo la D2 lifunikwe leo, mbao ziko kwangu, Njoro kuja uchukue.

Njoro C4: Sawa mzee

Mama Kevo: Sawa mzee. Daftari lipo, Kevo anatafuta. Lakini barua inaenda kesho, sasa ni prevalent ama ni rampant?

Mwalimu Ouma: Nimeshasema

Fatuma D7: Haiendi bila daftari

Mama Sheila A1: Hamjambo nilikuwa kanisani sijasoma yote, nimetuma mia mbili kwa till, ni ya nini?