Swichi ya indiketa: nisafishe, nitafute yuzdi au nifunge mpya?

Mleta mada: Wakuu habari zenu. Gari yangu ni ya 1994, indiketa ya kulia inawaka nikishikilia ule mkono wa swichi kwa kidole, nikiachia tu unarudi katikati taa inazima, kushoto iko poa na hazadi (zile indiketa zote kwa pamoja) zinawaka zote. Fundi mmoja anasema isafishwe, mwingine anasema nitupe nifunge mpya, mi nikawaza pia yuzdi orijino, yaani iliyotumika ya kiwandani. Mnashaurije?

Chuma Chakavu: Kama hazadi zinawaka, balbu na ethi (waya wa kwenye bodi) nzima hizo. Ingekuwa inapepesa harakaharaka upande mmoja ningesema balbu imeungua. Safisha kwanza mkuu, grisi ya zamani ikikauka inakuwa kama gundi na shaba zinashika weusi, mswaki mkuukuu na dawa ya kontakti vinatosha.

Dereva Mzee: Kusafisha ni kuahirisha tu, mi nilisafisha ikakaa wiki tatu. Nikafunga mpya ya kopi, plastiki nyepesiii, nikishakata kona mkono haurudi wenyewe, natembea na indiketa inawaka huku wa nyuma ananipigia honi.

Waya Mwekundu: Jamani someni swali! Kasema AKISHIKILIA inawaka, maana yake kontakti zinagusana vizuri, uchafu unatoka wapi hapo? Kilicholika ni kile kidato cha plastiki ambacho kigololi chenye springi kinakaa ili mkono usirudi. Hapo hata uoge nayo hiyo dawa haisaidii. Tafuta yuzdi orijino, ila kabla hujalipa izungushe kwa mkono, isikike "tak" ya nguvu pande zote mbili, na soketi ifanane pini kwa pini.

Chuma Chakavu: Dah, kweli bwana, nilikurupuka.

Mama Gereji: Na ukiifungua ifungulie ndani ya mfuko wa nailoni unaoonyesha, kile kigololi kikiruka utakitafuta chini ya siti mpaka kesho. Kama usukani una eabegi chomoa negativu ya betri usubiri dakika kadhaa ndo uguse chochote, na usukani ukilazimika kutoka piga alama kwenye shafti kwanza, usije ukaurudisha umekaa upande.

Mleta mada: Mrejesho wakuu. Nimefungua, kidato cha kulia kimelika hadi kimekuwa mteremko, cha kushoto bado kina ukingo. Nimepata yuzdi, ya kwanza niliikataa ilikuwa inalegea kama yangu, ya pili ikagonga vizuri nikachukua. Indiketa safi na inarudi yenyewe. Ila sasa waipa hazifanyi kazi 😂

Mama Gereji: Soketi ya waipa hujaisukuma mpaka mwisho wewe.

Mleta mada: …ndo yenyewe, asante mama.