Binti wa mahesabu kafungua "invoice", mafaili yote yamekwenda, nizibe wapi?

mzigo_umefika: Wakuu habari zenu. Nina kiofisi changu cha kutoa mizigo bandarini hapa Dar, kompyuta sita, rauta moja na folda moja tumeshea wote, humo kuna kila kitu mpaka picha za sendofu ya dada wa mapokezi. Sasa wiki iliyopita binti wa mahesabu kapata imeli imeandikwa "proforma invoice", kabonyeza haifunguki, kabonyeza tena, kimya. Kwenye saa ya chai mafaili yakaanza kubadilika majina moja moja huku tunayaangalia hivi hivi. Nimeshapiga Windows upya zote. Antivairasi ilikuwepo tena ya kulipia, sijui ilikuwa imelala. Sitaki kumgombeza binti wa watu maana kazi yake ndo kufungua invoice, nafanyaje isijirudie na hela yenyewe ndo hivyo tena?

fundi_gerezani: Pole mkuu. Hilo faili liliishia na nini? Mara nyingi unasoma Invoice.pdf kumbe jina kamili ni Invoice.pdf.exe au .js, yaani ni programu sio karatasi, Windows inauficha ule mkia. Ingia File Explorer, View, tiki File name extensions, kompyuta zote. Mchezo wa zamani huu, ILOVEYOU ya mwaka 2000 iliingia hivyo hivyo, watu wanaona .TXT nyuma kuna .vbs. Alafu .js na .vbs zifanye zifunguke na Notepad, akibonyeza anaona maandishi tu.

mzigo_umefika: Ilikuwa .zip mkuu, pasiwedi wameiandika humo humo kwenye imeli, binti akajua ndo usalama wenyewe 😂

fundi_gerezani: Aaah basi usiilaumu sana antivairasi. Zip yenye pasiwedi haichunguliki njiani, inapita kama kontena lenye sili. Kama imeli zenu za ofisi ni za Google Workspace au Microsoft 365, adimini (msimamizi wa hizo akaunti) anaweza kuzizuia zisifike kabisa.

mama_leja: Mimi mhasibu, acha nimtetee mwenzangu. Kwetu hakuna anayeshinda kwenye akaunti ya adimini ya kompyuta, ile inayoruhusu kuweka programu, hata bosi mwenyewe (alinuna siku mbili), invoice tusiyoitegemea tunampigia mteja kwa namba tuliyonayo sisi, sio ile iliyoandikwa kwenye imeli. Na hiyo folda ya wote igawe, mapokezi anafanya nini kwenye faili za mahesabu? Bakapu je?

mzigo_umefika: Disk ya nje ipo dada, ila ilikuwa imechomekwa muda wote, nayo ikaliwa.

mama_leja: Jamani! Nunua mbili, Ijumaa unachomeka moja, unakopi, unachomoa, inalala kwako, wiki inayofuata ya pili. Na mara moja moja jaribu kurudisha faili uone kama linafunguka kweli.

mzigo_umefika: Nimewaelewa. Mikia nimeshaiwasha, binti kakuta faili nyingine ya .exe kwenye Downloads, ya mwezi wa tatu, kwenye kompyuta yangu mimi 🙈

fundi_gerezani: Si ulisema zote umepiga Windows upya??

mzigo_umefika: Zote tano mkuu, hii ya kwangu nilijua haina shida

fundi_gerezani: Chomoa waya sasa hivi.