TV ya mamangu imekataa YouTube. Ni TV iliyokufa au ni programu?

BintiKibokoni

Assalaam alaykum jamaa. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa bure.

Mamangu ana smart TV ya inchi 40. Kakangu ni baharia, na alimnunulia mwaka 2013 aliposhuka meli, duka moja la Digo Road hapa Mombasa, shilingi elfu sitini na mbili. Bei naikumbuka kwa sababu risiti mpaka leo imo kwenye bahasha moja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Picha ni safi, hakuna mstari wala doa. Sauti iko sawa. Haijawahi kufunguliwa na fundi hata siku moja.

Mama magoti yamemshika, na ngazi za nyumba yetu ni zile za Mji wa Kale, nyembamba halafu zimesimama kama za mnazi. Darasani hendi tena, na majirani anawaona wakipanda wao. Kilichobaki chake ni YouTube ya kwenye TV. Akishaswali alasiri anafungua matangazo ya moja kwa moja kutoka Makka, anatandika msala wake karibu na dirisha na kukaa hapo mpaka magharibi. Saa zao na zetu ni sawa, basi giza huingia huku na kule karibu pamoja, na yeye hulipenda sana jambo hilo. Alijifunza peke yake bila kufundishwa na mjukuu: kitufe cha rangi, shuka mara mbili, ingia.

Wiki tatu zilizopita stima ilikatika mtaani usiku kucha. Iliporudi, YouTube ikafunguka nyeusi, kisha yakatokea maandishi kwamba programu hii haipatikani tena kwenye kifaa hiki. Programu ya filamu ilikuwa imeshatoweka miaka nyuma, lakini hatukuijali kwa sababu hakuna aliyekuwa akiitumia.

Fundi wa kwanza, upande wa Mwembe Tayari, aliitazama dakika mbili akasema imekufa, niiache kwake kwa elfu nne niongeze nichukue mpya. Wa pili akasema niiache aiflashi, yaani aitie programu yake upya, elfu mbili na mia tano. Nilipomuuliza atatia nini ndani hakunijibu, alirudia bei tu.

Mama amesema tuiache, atasikiliza redio. Hilo ndilo lililoniuma. Mtu aliyekuwa na jambo lake la kila siku, leo analiachilia ili asitusumbue.

Sasa nauliza. Imekufa kweli? Kuflashi kutairudisha? Nikinunua kile kijiti cha kuchomeka nyuma ya TV chenye YouTube yake ndani, mama ataweza bila kupewa rimoti ya pili? Na mbona aliyetuuzia hakutuambia kwamba kuna siku kitu hiki kitaacha kufanya kazi hali kizima? Friji yetu ina miaka kumi na tisa na hakuna mtu aliyeizima kutoka mbali.

---

FundiTudor

Waalaykum salaam dadangu. Usiiuze kwa elfu nne. Kioo kizima cha inchi 40 kisichokuwa na doa, na hapa kwetu upepo wa chumvi unakula bodi kila mwaka, hicho ni kitu cha kushikilia.

Smart TV ni vitu viwili ndani ya fremu moja. Kuna kioo na umeme wake, na kuna kikompyuta kidogo nyuma yake. Chako kilichozeeka ni kikompyuta. Programu ya YouTube kwenye TV ni dirisha tu, kazi kubwa inafanyika kwenye mitambo yao huko. Wenyewe wakibadilisha namna ya kuzungumza, lazima TV nayo ifundishwe upya, na wa kuifundisha ni kiwanda kilichoitengeneza. Kiwanda kikiacha, dirisha linafungwa. Aprili 2015 YouTube walianza kufunga njia yao ya zamani, na vifaa vingi vya 2012 kurudi nyuma vikakosa programu hiyo. Netflix nao, tarehe 1 Desemba 2019, waliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za Samsung za 2010 na 2011. Siku hiyo hakuna kilichoungua ndani ya TV hizo. Jana yake zilikuwa zinaonyesha.

Kuflashi usikubali. Anachoweza kutia ni programu endeshi ya mwisho ya kiwanda, na pengine unayo tayari. Akitia ya bodi nyingine TV haiwaki tena, na hapo ndipo utakapokuwa na TV iliyokufa kweli. Halafu hata ingekubali, kumbukumbu yake ni ndogo, na video za sasa zinafungwa kwa mitindo ambayo chipu ya 2013 haikuundwa kuifungua. VP9 ni mmoja wao, na AV1 ndiyo mpya zaidi.

Lakini umesema ilianza stima ilipokatika. Hapo nasimama kidogo. Kabla ya kununua chochote angalia tarehe kwenye setingi. TV nyingine zikikosa umeme muda mrefu zinarudi tarehe ya kiwandani. Kila programu inapoingia kwenye intaneti inaonyeshwa cheti cha usalama chenye siku ya kuanza na siku ya kwisha. Ikiwa TV inaamini tuko 2011, cheti cha leo kwake hakijazaliwa, inakikataa. Weka tarehe kwa mkono, chomoa ukutani dakika tano, jaribu tena. Hakuna malipo.

Kuna na shida nyingine ya vyeti ambayo rimoti haiitibu. TV ina orodha ya vyeti mama, vile vinavyotumika kuhakikisha vyeti vingine, iliyotiwa kiwandani, navyo vinakwisha. Kimoja kilichotumiwa na tovuti nyingi mno, DST Root CA X3, kilikwisha tarehe 30 Septemba 2021, na vifaa vingi vya zamani vikashindwa kuingia mahali vilipokuwa vikiingia kila siku. Ukiweka tarehe sawa na YouTube ikabaki kukataa, basi TV imefika hapo. Nunua kijiti.

---

BabaWatatu_Bamburi

Naongeza kwa fundi, na hili nalisema kwa uchungu. Usinunue lile boksi lisilo na jina linalouzwa kwa maneno "filamu zote bure, chaneli zote bure". Nilinunua moja. Ndani ya mwezi intaneti ya nyumbani ikawa inabanwa hata usiku tumelala, na boksi lilikuwa linapeleka data wakati TV imezimwa. Nililichomoa na kulivunja ili mtoto asilichomeke tena.

Baadaye nikasoma kwamba FBI ya Marekani ilitoa onyo Juni 2025 kuhusu BADBOX 2.0, programu ovu ambayo vifaa vingine vya bei ya chini hutoka nayo kiwandani. Nyumba yako inageuzwa njia ya wezi kupitia. Mwezi uliofuata Google wakafungua kesi dhidi ya waliohusika, wakisema vifaa vilivyoambukizwa ni zaidi ya milioni 10. Kwa hivyo chukua chenye Android TV au Google TV halisi. Mwambie muuzaji akiwashe mbele yako, fungua setingi za Play Store, tazama kama kimeandikwa kuwa kimethibitishwa. Akikataa kukiwasha, toka dukani.

---

MamaLikoni

Dadangu, hili la mama na rimoti nimelipitia, tulia.

TV ya 2013 karibu lazima itakuwa na kitu kinachopita ndani ya waya wa HDMI ambacho kinaifanya rimoti ya TV iamrishe kijiti. Kila kiwanda kimekipa jina lake: Samsung wanakiita Anynet+, LG SimpLink, Sony Bravia Sync. Mara nyingi huwa kimezimwa. Kiwashe kwenye setingi za TV, kisha kwenye kijiti pia. Mama atashika rimoti yake ileile, mishale ileile. Ile rimoti mpya ifungie kabatini.

Umeme wa kijiti chukua ukutani, usichukue kwenye tundu la USB la TV. Tundu la zamani linatoa miliampea 500 na vijiti vingi vinataka karibu maradufu. Kitawaka, kitajizima, kitawaka, na utadhani umeuziwa kibovu.

Na wewe uko Kibokoni. Kuta zenu ni mawe ya matumbawe, nene kama za ngome. Waifai inachoka mlangoni. Weka ile ya GHz 2.4, inapenya ukuta kuliko ya GHz 5, na tumia kile kiwaya kifupi cha HDMI kinachokuja na kijiti ili kisijifiche nyuma ya bati la TV.

---

Mkazi_Changamwe

Swali lako la mwisho hakuna aliyeligusa, nami naona ndilo kubwa. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu alichonunua. TV inayouzwa kwa ajili ya programu zake, halafu hakuna anayetaja programu hizo zitahudumiwa mpaka lini, mimi naona habari hiyo imekosekana. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inamtaka mtengenezaji wa vifaa vya intaneti, TV zikiwemo, aseme vitapata masasisho ya usalama mpaka lini. Ni ya usalama tu, haimlazimishi mtu kuibakisha YouTube, lakini angalau kuna tarehe imeandikwa. Hapa sijawahi kuiona kwenye boksi.

Na kijiti nacho kina mwisho wake. Tarehe 9 Machi 2025 Chromecast, vijiti vya Google, za kizazi cha pili, za 2015, zilikataa kwa pamoja kwa sababu ya cheti kilichokwisha ndani yake. Google walizirekebisha baada ya siku chache, lakini ndiyo hali. Tofauti ni kwamba kijiti kikifa utatupa elfu chache, kioo kibaki.

---

BintiKibokoni

Nimerudi baada ya siku tisa. Nyote Mungu awajaze kheri.

Kaka fundi, tarehe ilikuwa Januari 2011. Nilipoiona nilikaa chini. Nimeiweka sawa, nikachomoa, nikangoja. Programu ya hali ya hewa ikarudi, na kivinjari kikafungua kurasa mbili tatu. YouTube haikurudi, maandishi ni yaleyale. Kwa hivyo stima iliharibu tarehe, na YouTube ilikuwa safarini kwenda muda huohuo, au ilishaondoka na sisi tukadhani ni stima. Mama anakumbuka kwamba mwezi mzima kabla ya hapo ilikuwa ikikawia kufunguka, na alinyamaza.

Nilikwenda maduka manne. Katika matatu nilipoomba kijiti kiwashwe niangalie kama kimethibitishwa, niliambiwa boksi likifunguliwa nimeshanunua. La nne kijana alikiwasha bila neno, nikasoma mwenyewe, nikalipa elfu sita na mia tano. Nilimuuliza pia kitahudumiwa mpaka mwaka gani. Alilizungusha boksi pande zote sita akitafuta, kwa dhati kabisa, halafu akaniambia hajawahi kuulizwa.

MamaLikoni, ule ufunguo wa rimoti ulikuwa umezimwa kama ulivyosema. Siku ya kwanza uliamrisha kuwasha na kuzima tu, mishale haikupita. Nilizima vyote viwili ukutani, nikawasha kijiti baada ya TV, mishale ikapita. Waifai ndiyo iliyonihangaisha zaidi. Ukumbini ilikuwa inakatika kila dakika kumi, na mara ya tatu mama akaniambia, "Acha mwanangu, umechoka." Sikuacha. Nimeihamisha ruta kutoka chumba cha kakangu na kuiweka juu ya ngazi, mlango wa ukumbi ukiwa wazi inaona TV moja kwa moja. Tangu hapo haijakatika ila stima ikikatika.

Kulikuwa na kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekifikiria. YouTube ya kwenye kijiti inafunguka na picha nyingi zinazojichezesha zenyewe, na mama hakuzipenda. Nimezima kule kujichezesha, nimeiweka YouTube ya kwanza kwenye safu, na nimejiandikisha kwenye chaneli ya Makka ili iwe juu. Hatua zake zimekuwa tano badala ya nne. Ile ya tano nimeitia nukta ya rangi ya kucha juu ya kitufe, maana macho nayo si yale.

Jana niliingia jioni, msala uko dirishani na sauti ya adhana ya huko inafika mpaka kwenye ngazi. Hakunigeukia.

Mkazi wa Changamwe, risiti ya kijiti nimeitia kwenye ile bahasha pamoja na ya TV, na nimeandika tarehe juu yake. Nimeanza pia kuandika barua ya kuuliza wauzaji wa TV hapa mjini kama wanaweza kumwandikia mnunuzi mwaka wa mwisho wa huduma kwenye risiti. Ikiwa kuna mwenye kujua sheria atakayeisoma kabla sijaipeleka, nitaiweka hapa.

Kakangu anashuka meli mwezi ujao, na ameshasema atamletea mama mpya ya inchi 55. Nimemwambia asilete.